Jiko Linalokaguliwa kwa Macho Yaliyofumbwa

Saa nane kasoro robo mchana, sahani ya mwisho imetoka mezani. Mfanyakazi wa nyumba hii amesimama mbele ya sinki, mikono ya gauni ameikunja hadi kwenye viwiko, lakini bomba hajalifungua. Kwanza anahesabu.

"Visu viwili. Vijiko vinne. Bilauri mbili. Ya tatu iko wapi?"

"Ninayo mimi," anajibu mama mwenye nyumba kutoka sebuleni. "Nimenywea dawa. Usinipigie kelele kama askari."

"Sipigi kelele, Mama. Nahesabu."

"Basi hesabu kimya kimya, watu tunashusha chakula."

Katika nyumba hii hakuna chombo kinachooshwa kabla ya kuhesabiwa, na hakuna kinacholala mahali ambapo hakikulala jana. Mama mwenye nyumba ana miaka sabini na minane. Presha ya macho ilianza kumpunguzia mwanga kidogo kidogo, na huu ni mwaka wa kumi na moja tangu aone kitu chochote. Hata hivyo kifungua kinywa anajipikia mwenyewe, kila siku, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa peke yake.

Mtu anayemwezesha kufanya hivyo ni huyu aliyesimama kwenye sinki. Ana miaka hamsini na mitatu, mwembamba, mwenye sauti ya chini na mwendo wa mtu asiyependa kugonga vitu. Majirani wamempa jina la Mama Mkaguzi. Halimuudhi.

Anaanza na bilauri maana maji bado ni safi. Zinafuata sahani, kisha sufuria. Visu anaviosha kimoja kimoja, anavifuta na kuviweka kwenye droo yao, makali yakielekea ndani. "Kisu hakikai kwenye povu hata dakika moja," anasema. "Mama akija kutafuta kijiko mle, atakutana na nini?"

Vikombe vinalala kifudifudi. Kikombe kilichosimama wima maana yake kina kitu ndani. Mikono ya sufuria na vikaango yote inaelekea ukutani. Birika linaelekeza mdomo dirishani. Upande wa kushoto wa jiko la gesi panaachwa patupu, pana pa kutosha kutua kikaango cha moto, na hapo hapawekwi kitu hata kiwe kizuri namna gani. Stuli inasukumwa chini ya meza, milango ya kabati inafungwa hadi isikike, sakafu inapigwa deki, kisha inafutwa tena kwa kitambaa kikavu.

Mgeni angesema kazi imekwisha. Yeye anarudi mlangoni, anafumba macho, na kuanza upya kwa mikono. Anapapasa rafu, anapapasa meza, anainama hadi kwenye mtungi wa gesi.

"Nikifumbua macho nadanganyika," anasema. "Macho yakiona panang'aa yanaridhika. Vidole haviridhiki upesi."

Utaratibu huu hakuubuni yeye. Mama mwenye nyumba alikuwa muuguzi, na kwa miaka mingi alisimamia wodi ya vitanda thelathini na viwili. Trei ya dawa aliipanga hivi kwamba angeweza kuchukua kitu gizani umeme ukikatika. Macho yalipoanza kumsaliti, aliuhamishia utaratibu ule jikoni kabla giza halijafika.

"Nilijifundisha mapema," anasema mama huyo. "Nilijua safari ninayokwenda, nikafungasha mizigo."

Chupa ndizo zilizohitaji akili zaidi. Alikuwa nazo tatu, zote za umbo moja, kwa sababu zinaenea mkononi mwake na hataki kusikia habari ya nyingine. Kwa hiyo walizivalisha mipira ile myembamba ya kufungia noti. Isiyo na mpira ni mafuta ya kupikia. Yenye mpira mmoja ni siki. Yenye mipira miwili ilikuwa sabuni ya maji.

Mipira hiyo ndiyo iliyoleta balaa.

Jumapili moja, mwezi mmoja na nusu hivi uliopita, Mama Mkaguzi alikuwa mapumzikoni. Asubuhi alikwenda ibadani, na baadaye akabaki nyumbani kwake kufua. Mtoto wa kiume wa mama mwenye nyumba, fundi wa majokofu, alikuja na mke wake kula chakula cha mchana. Baada ya kula, mkwe alimketisha mama mkwe wake kwenye kochi, akasema leo jiko ataliosha yeye.

Na aliliosha kwelikweli. Alisugua vigae, akapangusa juu ya kabati, akatoa masizi ya miaka kwenye vikaango. Alipofika kwenye chupa alikuta mipira imeshika mafuta na vumbi hadi imekuwa myeusi. Alichukua mkasi akaikata yote, akaitupa. Akazifuta chupa zikametameta, akazipanga mstari mmoja kando ya jiko, upande wa kushoto, maana pale palikuwa patupu na yeye aliona panapendeza.

"Niliona ni uchafu," anasema mkwe, mwalimu wa shule ya chekechea, huku akitazama chini. "Nilitoka mle ndani najisifu. Nilimwambia mume wangu, yule dada wa kazi akija kesho atapata cha kujifunza."

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, mama aliwasha gesi ili akaange yai. Alipapasa mahali pa chupa, hakuzikuta, akazikuta kushoto. Alishika ya kwanza. Haikuwa na mpira. Ni mafuta, akamimina. Ilikuwa sabuni. Siku hiyo alikuwa na mafua, hakusikia harufu mpaka povu lilipoanza kupanda na moshi kumjaa kooni. Akafanya alilolifanya siku zote, akainua kikaango akitue kushoto. Kushoto palikuwa na chupa. Zikaanguka, kikaango kikapinduka, na povu la moto likamwagikia kifundo cha mkono.

Mama Mkaguzi alifika saa moja. Alimkuta ameketi kwenye sakafu, mkono ndani ya ndoo ya maji, gesi ameshaizima.

"Nilimuuliza, Mama, umeumia? Akaniambia, niambie kwanza, mipira yangu iko wapi?"

Jeraha halikuwa kubwa, lilitosha kufunikwa na kiganja cha mtoto. Hofu ya mwanawe ndiyo iliyokuwa kubwa. Alikuja mchana huo huo, hakutaka hata maji ya kunywa. Alikifungua kichwa cha mtungi wa gesi, kile kinachopitisha gesi kwenda jikoni, akakitia mfukoni, akaondoka nacho.

"Kuanzia leo Mama hapiki," alisema. "Nimeandaa chumba cha nyuma kwangu. Mwisho wa mwezi anahamia."

Siku tisa nzima Mama Mkaguzi alipika kwa mkaa uani, akipanda na kushuka ngazi za uani na sufuria za moto. Lakini si ngazi zilizomchosha, anasema. Ni kumwona mama ameketi sebuleni saa kumi na mbili asubuhi, amevaa, amechana nywele, hana pa kwenda.

"Kule kwake kuna jiko la kutazama," mama alikuwa akilalamika. "Mimi nataka jiko la kupikia. Atanikalisha kwenye kiti niwe kama ua la plastiki."

Siku ya tisa fundi alipita kumletea mama dawa ya jeraha. Mama Mkaguzi akamsubiri getini.

"Kaka, nisikilize kidogo," alimwambia. "Kosa la mke wako ni nusu. Nusu nyingine ni yangu."

"Yako? Wewe si hukuwepo?"

"Ndiyo hilo lenyewe. Miaka kumi na moja najua mimi na Mama tu. Sijamwambia mtu maana ya mipira. Mke wako angejuaje?"

Fundi akauliza swali ambalo Mama Mkaguzi anasema lilimkaa moyoni. "Na wewe ukiumwa je? Ukifa? Mama yangu atakuwa ananing'inia kwenye vidole vya mtu mmoja?"

 Jibu analo leo, ingawa analionea haya. "Nilipenda niwe peke yangu ninayejua," anasema, akikunja kitambaa cha vyombo mara nne. "Nilisema moyoni, wakiweza wengine, mimi watanihitajia nini? Ni kiburi kile. Nimekipigia magoti kwa Mungu, na bado sijamaliza."

Mama Mkaguzi ni mjane, aliyesomesha watoto wawili kwa kazi hii hii ya sinki na ndoo. Kijana yuko jeshini. Binti ameolewa mbali, safari ya siku mbili kwa basi, na miezi minne iliyopita alijifungua mtoto wa kike. Bibi mtu hajamtia machoni. Kwa miaka kumi na moja likizo yake ndefu kuliko zote ilikuwa siku tatu, alipokwenda kuzika.

Pale getini walikubaliana. Kichwa cha gesi kingerudi kwa siku thelathini. Sabuni ingetoka kwenye rafu ya chakula, ikae chini ya sinki ndani ya kopo la mraba, hilo fundi alilisimamia mwenyewe na wote walikiri lilipaswa kufanyika zamani. Kila Jumamosi mkwe angekuja kujifunza. Siku ya thelathini angelipanga jiko peke yake baada ya chakula, bila kusaidiwa hata kwa neno, na mama angeingia kupika peke yake. Likitokea lolote, chumba cha nyuma kinamngoja.

Mama alipoambiwa aliguna. "Nimemzaa, nimemnyonyesha, sasa ananipa mtihani. Haya, na kalamu alete."

Masomo hayakuwa mepesi. Jumamosi ya kwanza mkwe alifungwa kitambaa machoni akaambiwa atafute chumvi. Mkono ukatua kwenye sponji lililolowa, akaruka nyuma. "Yoo! Nani kaweka chura humu?"

"Si chura, dada," Mama Mkaguzi akamjibu. "Ni sponji uliloliacha wewe mwenyewe."

Sebuleni mama alicheka mpaka akaomba maji.

Jumamosi ya pili mkwe alisahau stuli katikati ya njia, akajigonga nayo ugoko. Ya tatu alikasirika, akasema jiko gani hili lenye sheria kuliko mahakama. Ya nne alikuja na mipira mipya mfukoni, ya rangi ya njano, akaivalisha chupa ya siki mpira mmoja bila kuambiwa.

Siku ya mtihani, chakula kinakwisha saa saba na nusu. Mama Mkaguzi ameketi kwenye kiti karibu na mlango wa jikoni, mikono ameikalia. Fundi amesimama uani, anajifanya anatazama bomba la maji. Mkwe anahesabu kwa sauti, anaosha, anafuta, anageuza vikombe. Nusu saa baadaye anafumba macho na kupapasa kuanzia mlangoni. Anafumbua.

"Tayari," anasema.

Mama Mkaguzi ameshaona. Mlango wa kabati la juu haukushika, uko wazi upana wa kiganja, sawasawa na paji la uso la mama. Anaruhusiwa kutazama tu. Anainamisha kichwa, na midomo yake inacheza bila sauti.

Mkwe amekwisha kushika ndoo atoke. Anaiweka chini. "Ngojeni," anasema. Anafumba macho tena, anaanza tena mlangoni, safari hii pole pole, mikono ikipita juu kuliko mwanzo. Vidole vinagusa ukingo wa mlango. Anausukuma. Unalia *ko*.

"Sasa," anasema, "ndiyo tayari."

Mama anaingia na fimbo yake, anaiegemeza palepale pa siku zote. "Napika yai," anatangaza. "Lile nililonyimwa." Anashika chupa moja, anapitisha kidole shingoni, anairudisha. Anashika ya pili, kidole hakikuti kitu, ananusa, anamimina. Fundi amesogea hadi mlangoni, amezuia pumzi.

"We mtoto," mama anasema bila kugeuka, "toka mlangoni, unanizibia hewa."

Yai linaiva. Kikaango kinainuka, kinakwenda kushoto, kinatua. Hakuna kilichoanguka. Mama analikata yai vipande viwili, kimoja anakula akiwa amesimama, kingine anakisukuma upande ilikotoka pumzi ya mwanawe.

"Kula. Halafu uoshe."

Fundi anakula. Kisha anauliza ufunguo wa chumba kile cha nyuma aliuweka wapi mke wake, maana kuna majokofu mawili ya wateja hayana pa kukaa. Ndivyo jibu lake lilivyotoka, na hakuna aliyemtaka aseme zaidi.

Mama Mkaguzi anaondoka Jumanne kwa basi la asubuhi, Mungu akipenda. Wiki tatu. Begi liko tayari tangu juzi, ndani yake mna shuka dogo la mtoto alilolishona kwa mkono. Wakati wote huo mkwe atakuwa akipita kila jioni akitoka shuleni, na mchana jirani atasaidia, naye ameanza kufundishwa.

"Nikirudi nataka nikute mimi sihitajiki sana," anasema. Anafikiri kidogo. "Lakini nitakagua."

Kwenye sinki, fundi ameosha sahani, ameosha kikaango, ameelekeza mkono wa kikaango ukutani. Anachukua kikombe cha mwisho, anakifuta vizuri, na kukiweka kwenye rafu. Kinagusa ubao kwa kitako chake. Mama, aliyekwisha kufika sebuleni, anasimama.

"Kigeuze," anasema.