Maji Aliyochemsha Lea

Wanaosema Lea ni mzembe hawajawahi kuingia jikoni kwake. Mimi ni jirani yake, mwaka wa ishirini sasa, mlimani huku juu ya Mbalizi, na mwanamke msafi kama yeye sijamwona. Sufuria zake unaweza kujitazamia. Kisima alichochimbisha chini ya shamba lake la kabichi alikifunika kwa bati, na maji yake yalikuwa maangavu, hayana harufu.

Mwaka juzi binti yake Mercy alipata kazi mtaa wa Soweto, huko mjini, kwa mwenye duka asiyetaka kusikia habari za kunyonyesha. Akamwachia mama yake mtoto, Edmund, wa miezi miwili, na maziwa ya kopo. Nesi wa kliniki alimwambia Lea, "Bibi, maji ya kumkorogea uyachemshe." Lea si mtu wa kuambiwa mara mbili. Aliyachemsha asubuhi, akayachemsha tena jioni.

Kilikuwa kiangazi, msimu wa kumwagilia. Huku kwetu mbolea ya kukuzia tunaimwaga bila kubana mkono, kisha tunafungulia mipira ya maji siku nzima ili udongo uinywe. Inayobaki inakwenda wapi, hatukuwahi kuulizana.

Wiki ya tatu midomo ya mtoto iligeuka rangi, na kucha pia, kama aliyekula zambarau. Lea alidhani maji hayajachemka vya kutosha. Akayaacha motoni mpaka sufuria iliyojaa ikabaki nusu, akamkorogea hayo. Tulipomfikisha hospitali mjini, damu waliyomtoa ilikuwa ya kahawia. Kabla ya saa saba mchana alikuwa amekata roho.

Msibani watu walimtafuta mchawi ndani ya ukoo, wakanong'ona kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nasonga ugali wa waombolezaji.

Maji ya kisima yalipopimwa, daktari alituita, akatueleza taratibu. Mbolea ambayo mmea haukuila inayeyuka, na maji ya kumwagilia yanaishusha mpaka kisimani. Mtu mzima anakunywa asijue, lakini damu ya mtoto mchanga inashindwa kubeba hewa. Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Maji yanapungua, chumvi ya mbolea inabaki palepale, ukali unazidi.

"Juu ya kisima analima nani?" aliuliza.

"Mimi," Lea alisema. "Mimi peke yangu."

Hakuwa peke yake. Juu ya shamba lake kuna langu, kubwa mara tatu, na yote ninayomwagilia yanateremkia kwake. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwake nimeshika mkoba wake. Nilimwacha abebe lawama yote, na ninajichukia kwa hilo.

Mercy alipopata habari aliacha kupokea simu za mama yake. Mpaka leo hapokei.

Lea hatii mbolea tena. Kabichi zake zinatoka ndogo kama ngumi, na madalali wanazipita wakicheka. Juzi alikuja kunisaidia kutandaza mipira, kama tunavyosaidiana siku zote, akautazama mfuko wangu wa mbolea ya yurea.

"Mama Danieli, usizidishe," alisema. "Huko chini kuna watoto."

"Sizidishi, dada."

Alinishika mkono, akanishukuru. Alipoteremka kwake niliumwaga mfuko wote, nikafungulia maji.