Mama mkwe alikataa kula chakula changu, mgahawa wa mama wa Ekwado hapa Bunda ukatuokoa

Wakuu, heshima kwenu, na poleni na mihangaiko.

Humu mimi ni msomaji. Nyuzi za watu nazimaliza na chai asubuhi, zangu zinabaki kichwani. Ila hili limenikaa kifuani, leo nalitoa. Siongezi chumvi, chumvi mtaikuta kwenye supu huko mbele.

Naishi Nyasura, Bunda mjini. Kazi yangu ni kuchomelea mageti na madirisha. Kwetu ni Butiama vijijini, mke wangu Neema kwao ni Suguti.

Kabla sijaenda mbali niwaeleze kitu kimoja, hasa ninyi mnaokaa sebule moja na mama mkwe mnagombania rimoti.

Kwetu sisi mkwe na mama mkwe hawaonani wakila. Hata kutazamana usoni ni shida. Mkikutana njiani unampisha, unasalimia huku unaangalia viatu vyako. Na mama mkwe hali chakula kilichopikwa kwa mkwewe, wala halali chini ya paa lake. Siyo chuki, ni heshima. Najua wengi mkoani wameshaachana na mila hii, na wengine wanafanya shughuli ya kuiondoa kisha wanakaa pamoja. Familia yetu na ya Neema bado hatujafika huko.

Kwa hiyo miaka yote ya ndoa, sura ya mama mkwe naijua kwa picha za harusi.

Sasa basi. Neema alijifungua kabla ya wakati. Kwa upasuaji. Mtoto wa kike, mdogo kiasi kwamba nilipoonyeshwa niliogopa hata kupumua karibu yake.

Wauguzi wakasema atalelewa kwa kangaruu. Yaani mtoto anafungwa kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, muda wote, ili apate joto. Mama akichoka, mwingine anapokea. Neema mwenyewe kugeuka kitandani ilikuwa kazi, na ile wodi wanaume tulikuwa tunaingia saa ya kuona wagonjwa tu.

Mama mkwe alipopata habari hakuuliza mara mbili. Alipanda gari kutoka Suguti, akapitia Musoma, akashuka Bunda na mfuko mmoja. Siku hiyohiyo mjukuu akawa kifuani kwake. Usiku analala hapohapo hospitali na ndugu wengine wa wagonjwa.

Nikasema Mungu mkubwa, tumevuka.

Kumbe bado.

Dada yangu alikuwa anapika kwangu, anapeleka chakula cha watu wawili. Cha Neema kinaliwa. Cha mama kinarudi kama kilivyokwenda, na salamu juu: ameshukuru sana, kasema ameshiba. Ameshiba nini? Chai na andazi la asubuhi. Nje ya geti mama lishe wapo, lakini mama mtu mzima wa kijijini kwetu hawezi kukaa kwenye benchi la barabarani, watu wanapita, yeye anatafuna. Kwake hiyo ni aibu.

Nikajifanya mjanja. Nikamwomba jirani abebe chakula, aseme kakipika yeye. Mama mkwe akafungua mfuko, akaona hotpoti. Wakuu, ile hotpoti aliinunua yeye mwenyewe Musoma, akampa Neema kwenye sherehe ya kumuaga! Nilikuwa nimeisahau kabisa. Akafunga mfuko taratibu, akamwambia jirani yangu Mungu akubariki mama, ila chombo cha mkwe nakijua.

Nilicheka huku machozi yako karibu.

Kesho yake saa ya kuona wagonjwa Neema akanivuta shati. Mama yake ana presha, anameza dawa na tumbo tupu. Asubuhi ile alisimama akayumba, mtoto akiwa amefungwa kifuani. Muuguzi ndiye aliyemdaka. Na muuguzi akasema waziwazi kwamba bibi akiendelea hivi, mtoto hatabebeshwa tena.

Neema akaniambia, "Mama akianguka, mtoto anabaki na nani?"

Nilitoka pale nikaenda ofisini kwangu, nikawasha mashine, nikachomelea bawaba ya geti upande usio wake. Mteja akaniangalia tu.

Hapo ndipo nikamkumbuka Mama Lusia.

Huyu mama ni wa Ekwado, ile Ekwado ya Amerika Kusini ambayo wengi wetu tunaijua kwa mpira tu. Mume wake ni mtu wa Guta, bwana shamba. Walikutana kwenye masomo huko nje, wakaoana, wakaja. Sebule yao wameigeuza mgahawa: meza chache, pazia mlangoni, hakuna anayekuchungulia. Mimi namjua kwa sababu kati ya jikoni na sebule alitaka dirisha dogo la kupitishia sahani, na fremu na kile kifuniko chake nilitengeneza mimi.

Kiswahili chake ni cha hapahapa Bunda, kaokota na "nilikuwaga" zetu zote. Chakula chake ndiyo kituko. Kuna supu ya samaki na vipande vya mihogo, juu vitunguu vilivyolala kwenye ndimu, na juu yake tena, wakuu, bisi. Bisi hizihizi za watoto, kwenye supu. Halafu kuna donge la ndizi mbichi zilizopondwa na karanga, kubwa kama ngumi, analiita boloni.

Nikamweleza shida yangu. Mgahawa siyo nyumba yangu, chungu siyo changu, mwiko siyo wa dada yangu. Mama akila pale hajala kwa mkwe.

Mama Lusia akanisikiliza, akasema, "Mimi nilifikiriaga mmegombana."

Akaniambia kwao mama mkwe anakaa mbele yako kabisa, anakuuliza maswali mpaka chakula kinapoa. Nikamwambia ahsante, mimi nabaki na utaratibu wetu.

Mchana, Neema akiwa amembeba mtoto, dada yangu akamleta mama. Mimi nilijificha nyuma ya nyumba karibu na banda la kuku, namwomba Mungu.

Mara Mama Lusia akatoka kwa mlango wa nyuma. Akaniambia supu iko mezani, mama hagusi. Ameuliza, aliyenikaribisha amekula? Maana mtu mzima hali peke yake kama mchawi. Dada yangu yupo mezani, lakini yeye ni msindikizaji, hakualika mtu.

"Nimemwambia uko jikoni unakula," akasema Mama Lusia. "Sasa ingia ule, usinifanye muongo."

Akanisukuma ndani, akaniweka kwenye kigoda chini ya lile dirisha, akanipa bakuli. Mimi simwoni mama, mama hanioni. Kifuniko kiko wazi.

Kisha nikasikia sauti.

"Mkwe, upo?"

"Nipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unakula?"

"Nakula, mama."

"Sisikii kijiko."

Wakuu, nilishika kile kijiko nikagonga bakuli kama kengele ya shule. Nikanywa supu ya moto, ulimi ukababuka, sikujali. Na baada ya muda kidogo nikasikia kijiko cha upande wa pili. Kinagonga, kinatulia, kinagonga tena.

Sitawaficha, nililia. Jikoni kwa watu, kwenye kigoda, na pua inanitoka. Mama Lusia akajifanya anakatakata vitunguu.

Bakuli likaisha. Mama akauliza na hizi bisi ni za mtoto gani zimeangukia humu, halafu akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Ni kicheko cha Neema kabisa, kile kinachoanzia puani. Nilikaa pale nikajiona mjinga, miaka yote hii nimeoa kicheko cha mtu na sikujua kimetoka wapi.

Ikawa ndiyo desturi. Kila mchana yeye sebuleni na dada, mimi jikoni, dirisha katikati. Mama hakukaa kimya muda mrefu. Supu aliikosoa, akasema sangara ni wa kupeleka kiwandani, supu ya kweli ni ya gogogo, samaki wetu wa ziwani, na Mama Lusia akatafuta gogogo. Akaniambia Neema akiwa mdogo alikuwaga anajaza bisi kwenye mfuko wa sketi ya shule, kuku wanamfuata njia nzima. Akaniuliza kama mwanawe ananipigiaga kelele nyumbani. Nikasema kidogo.

"Hiyo ni yangu," akasema. "Vumilia."

Nguvu zikamrudi. Muuguzi akaacha kumtolea macho. Mtoto akaanza kuongezeka, pole pole.

Kisha ikaja siku moja mtoto akapungua. Wauguzi walisema inatokea, tusiogope, lakini nani asiogope? Mchana ule mama alikuja, akakaa, akasalimia. Kijiko hakikusikika.

Nikangoja. Mama Lusia naye akasimama na upawa mkononi.

Mama akaanza kuongea, chini chini, kama anaongea na meza. Akasema kabla ya Neema alizaa mtoto mwingine, mdogo hivihivi. Wakati ule hakukuwa na mtu wa kuwaelekeza. Walimfunga kwenye pamba, wakamlaza karibu na moto.

"Pamba ya shamba letu wenyewe," akasema. "Niliichaguaga ile nyeupe kabisa. Kifuani sikumweka. Hakuna aliyeniambia."

Basi.

Ndipo nikaelewa kwa nini huyu mama akimbeba mjukuu hataki kumshusha hata miguu ikimtetemeka. Alikuwa amewabeba wawili.

Mimi ningesema nini? Mkwe hana maneno ya kumwambia mama mkwe kwenye jambo kama hilo, hata angekuwa nayo hayafai. Ningekuwa mtoto wake ningezunguka nikamshika mkono. Nilikuwa na bakuli tu. Nikagonga kijiko mara moja, taratibu, ajue nipo.

Kisha akagonga chake. Akala. Aliimaliza ile supu yote, na boloni juu.

Mtoto akaokota tena uzito, na safari hii hakurudi nyuma.

Siku ya kuruhusiwa, Neema akasema hatuendi nyumbani kwanza. Anataka kuona hiyo sehemu ambayo mama yake na mume wake wamekuwa wanakutana kwa siri bila yeye. Tukaenda. Mama mbele na dada yangu, mtoto kifuani. Mimi nikazungukia nyuma kama kawaida yangu.

Mama Lusia akamwekea Neema kiti kwenye mlango wa jikoni, pale ambapo mtu anaona pande zote mbili. Neema akaangalia huku, akaangalia kule. Akaweka mkono mdomoni.

"Mama, anakula," akasema.

Kisha akanigeukia. "Baba, na yeye anakula."

Hapo ndipo alipoanza kulia, na Mama Lusia akashindwa kusingizia vitunguu.

Sasa supu ilikuwa ya moto na mama bado alikuwa na mtoto. Nikamsikia anafungua kanga. Neema akanyoosha mikono, mama akasema wewe una kidonda, tulia hapo.

"Mkwe," akaita. "Weka bakuli chini."

Nikaweka.

Kwenye lile dirisha la sahani, lenye fremu niliyoichomelea mwenyewe, ikaingia mikono miwili, na juu ya mikono kuna mwanangu. Mikono ya mama mkwe nilikuwa sijawahi kuiona kwa karibu. Imepasukapasuka kwa jembe, na kidole cha mwisho kimepinda kwa ndani, kama cha Neema.

Nikampokea. Alikuwa na joto la kifua cha bibi yake.

"Mshike vizuri," sauti ikasema. "Nataka kula."

Nikamweka kifuani, nikafungua vifungo vya shati, nikatulia. Na upande wa pili nikasikia kijiko.

Mama alirudi Suguti, na mtoto sasa ana mashavu hadi nyumbani tunamwita Boloni. Akija Bunda mama anafikia kwa Mama Lusia. Wazee wetu wameanza kuzungumzia ile shughuli ya kuiondoa miiko, na mimi naitaka, ila nawaambia ukweli, lile dirisha nitalikumbuka.

Nilichojifunza wakuu: mtu akikataa chakula chako, usikimbilie kununa wala kumwita mshamba. Uliza anakataa nini hasa. Mama hakunikataa mimi, alikuwa ananiheshimu kwa njia aliyofundishwa, na kulikuwa na namna ya kumfikia bila kumvunjia hiyo heshima. Ilibidi tu mtu kutoka mbali atuazime ukuta wake.

Najua wapo watakaosema mila zimepitwa na wakati, karibuni, matusi tu muache nyumbani. Na wewe msomaji, kwenu mnakulaje na mama mkwe? Na kama kuna mtu amewahi kula supu yenye bisi aje aseme, maana hapa kijiweni wananiita muongo.