Kiapo Alichokishika Veneranda

Kule Kaliua, Bibi Veneranda alisifika kwa jambo moja: mikononi mwake hakuna kichanga aliyekufa bila ubatizo. Alikuwa mkunga maisha yake yote. Mtoto akizaliwa hoi na padre yuko mbali, Veneranda alichota maji, akammiminia utosini akisema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Kifo kikibisha hodi, Kanisa Katoliki linamruhusu mtu yeyote kufanya hivyo. Wengine walipona, wakakua, wakawa wanamwamkia gulioni bila kujua kwa nini bibi yule anawapapasa vichwa.

Sasa tazama dunia isivyo na haya. Binti yake wa pekee, Julieth, aliolewa Kanyenye, Tabora mjini, na Limbu, mlokole kwelikweli. Julieth naye akaokoka, akabatizwa upya kwa kuzamishwa. Veneranda aliumia, akameza. Alipozaliwa mjukuu, Sayi, alipanda treni na kuku wa mzazi kwapani. Kabla hajakabidhiwa mtoto, mkwewe alimketisha.

"Mama, tunakuheshimu. Lakini mtoto huyu usimmwagie maji. Neno linasema aaminiye na kubatizwa. Huyu anaamini nini?"

"Hata jina lake halijui, mbona mmempa?"

"Imeandikwa wapi kubatiza vichanga?"

"Kanisa limetufundisha tangu mitume. Hiyo Biblia yenyewe, baba, nani aliikusanya?"

"Kanisa ni watu, mama. Watu hukosea, Neno halikosei."

Wangekesha hapo. Ni Julieth aliyewakatiza kwa kilio. "Niapie, mama. La sivyo sitakuachia mwanangu." Na Veneranda, kwa tamaa ya kumpakata tu, akaapa, rozari mkononi.

Sayi alikuwa katika mwezi wa pili alipochemka homa, na degedege ikafuata. Limbu alikuwa safarini Igunga. Wanawake wale wawili walimkimbiza hospitali kwa bajaji. Julieth akaenda mbio kumtafuta daktari, Veneranda akabaki benchini na mtoto, chupa ya maji ubavuni.

Alijua. Mkunga haambiwi. Aliona pua inavyotanuka na midomo inavyogeuka rangi. Akaifungua chupa. Palikuwa na nafasi ya kutosha, jamani, ya kutosha kabisa! Lakini aliiona sura ya Julieth siku ile ya kiapo, akaogopa kumpoteza binti. Akajisemea daktari anakuja. Akakifunga kizibo. Daktari alipofika, Sayi alikuwa ameshakwenda.

Makaburini mchungaji alisoma kwamba watoto kama hawa ufalme wa Mungu ni wao, na Limbu akaitikia amina kwa nguvu zote. Veneranda akamvuta kando Mwalimu Bundala, katekista wake aliyekuja kuhani msiba kutoka Kaliua, akamuuliza mtoto yuko wapi.

"Kanisa linamkabidhi kwa huruma ya Mungu, bibi. Tunatumaini."

Yalikuwa maneno mazuri. Veneranda mwenyewe aliwaambia akina mama wangapi, wale waliochelewa kumwita, kisha akarudi kwake akalala usingizi. Leo alijua aliwapa kikombe kitupu. Maji yakimwagika hayazoleki, husema watu. Yasiyomwagwa je?

Waombolezaji walipopungua, Julieth alimwita mama yake jikoni, akarudishia mlango. Macho yalikuwa yamemvimba. Alinong'ona, Limbu asisikie.

"Mama, mimi nakujua. Nilichelewa kurudi pale benchini makusudi kidogo. Nilijua hutaweza kujizuia." Akamshika mikono yote miwili. "Ulimbatiza, si ndiyo? Sema tu. Sitakasirika."

Veneranda alitafuta uongo, akaukosa.

"Uliniapisha, mwanangu," alisema.

Julieth akaiachia mikono yake.