Biba wa Bwana Muhdhar

Muhdhar wa Obeid alikuwa mwongo, na mji wa Amu ulimpenda kwa sababu hiyo hiyo. Akiketi barazani baada ya alasiri, watu walisogea. Aliwahi kupigana na pweza aliyeng'oa nanga. Aliwahi kumwimbia nahodha wa Kizungu mpaka nahodha akapitiwa na usingizi, naye Muhdhar akaiendesha meli peke yake hadi Aden. Hakuna aliyeamini, na hakuna aliyeudhika. Kahawa ikiisha walimwagizia nyingine ili pweza aongezewe mikono. Naye alitembea mjini kifua mbele kama mtu mwenye cheo.

Shida ilianza siku aliposema kweli.

Kweli yenyewe ilikuwa hii. Ujanani alichochea makaa katika meli ya moshi, na meli hiyo ikapasuka tangi la mvuke huko Hamburg kwa Wadachi, ikalala bandarini msimu mzima wa baridi. Muhdhar, asife njaa, akapata kazi katika bustani ya wanyama. Simba hawakumpa. Hata ngamia hawakumpa. Walimpa kubeba matawi ya miti kila asubuhi na kumtupia mnyama mmoja wa majini ambaye mlinzi wake alimwita biba. Waliosoma siku hizi huandika biva. Muhdhar alisikia biba, na biba akabaki. Alikuwa na ukubwa wa mwana-mbuzi aliyeacha kunyonya, manyoya mazito, meno ya mbele yenye rangi ya embe bivu, na mkia bapa wenye magamba. Aliangusha miti kwa meno, akaziba maji kwa fito na tope, akajenga nyumba ambayo mlango wake uko chini ya maji. Hayo yote Muhdhar aliyaona kwa macho yake, vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

Aliporudi kwao akashika kazi ya ukalafati, kuziba nyufa za majahazi kwa pamba na mafuta ya papa, na baada ya muda akataka kuoa. Alimtaka Radhiya binti wa Bi Hadia, jamaa yao wa mbali, ambaye mumewe wa kwanza alikwenda Kismayu kumletea nguo akamletea talaka. Radhiya alikuwa na mtoto mmoja, Alawiya, wa kama miaka sita, mwenye maneno ya mtu wa sitini. Na Bi Hadia ndiye aliyekuwa tabibu wa wanawake wa mji: mzazi akishikwa na tumbo, mtoto akishtuka usingizini, aliitwa yeye na kisanduku chake cha dawa.

Bi Hadia akampokea mposaji akiwa nyuma ya pazia.

"Wasema umetembea," akasema. "Nipe jambo moja la ajabu uliloliona."

Muhdhar akafikiri. Mbele ya mkwe haifai kuleta pweza. Akaamua, kwa heshima, kuleta kweli. Akamweleza biba tangu meno hadi mkia.

Nyuma ya pazia ikaanza hesabu.

"Panya," Bi Hadia akasema. "Mkubwa kama mbuzi. Ana mkia wa samaki. Akata boriti. Na mlango wa nyumba yake u ndani ya mai."

"Ndiyo, mama."

"Na meno ya manjano."

"Ndiyo, mama."

"Huyo apaka hina menoni?" ikauliza sauti nyingine nyuma ya pazia, kisha ikazibwa na leso. Ilikuwa ya Radhiya, na ilikuwa inacheka.

Bi Hadia hakucheka. "Huko barazani wadanganye, wale ni wanaume. Mimi hunidanganyi nyumbani mwangu. Sema mbele ya watu kwamba biba ni uwongo, nami nitakuoza. Hutaki, ndia ni ile uliyojia."

Sasa, wewe na mimi tungesema mara moja na kuuliza harusi ni lini. Muhdhar alikaa akiangalia viatu vyake mlangoni.

"Pweza nitamkana leo hii, mama," akasema. "Nahodha pia nitamkana. Biba siwezi. Nimemlisha kwa mkono wangu." Akainuka, akaondoka bila mke.

Ndiye huyo mtu aliyeulisha mji mzima uwongo, akakosa mke kwa ajili ya mnyama. Njiani akajiambia kwamba watu wazima hawafundishiki, vichwa vyao vimekwisha kukauka kama lami juani. Lakini watoto bado wabichi. Na mmoja wa watoto alilala kitanda kimoja na Bi Hadia.

Nyuma ya nyumba moja iliyoanguka kulikuwa na kiwanja chenye kisima, na maji yaliyomwagika kisimani yalipita kwenye mfereji hadi migombani. Hapo ndipo watoto walipocheza wakitoka chuo cha dini, na hapo ndipo Muhdhar alipokaa jioni moja akiwa na makumbi ya nazi, uzi wa kushonea matanga na kisu chake cha kazi. Hakumwita mtoto yeyote. Alikata tu, akafunga tu, akijisemea.

"Ami, watenda ni?" Alawiya ndiye aliyekuja kwanza.

"Nafanya biba."

"Bibi yangu asema huyo hayuko."

"Bibi yako amefika Ulaya?"

Alawiya akafikiri. "Hajafika hata Shela hapo jirani," akakiri, akaketi.

Ndani ya siku chache kiwanja kilijaa. Kumbi la nazi likawa mwili, nyuzi zake manyoya. Meno walichonga kwa kifuu, wakayapaka manjano ya pilau. Mkia ulimtoa Muhdhar jasho, kwa sababu watoto walitaka kuwa biba wao wenyewe, si kumshika mkononi. Ndipo alipokumbuka kwamba ule mkia wa magamba, ukiutazama, ni kama kitu kilichosukwa kwa ukindu. "Kila mtu alete kipepeo cha jikoni kwao," akasema. Kesho yake wakaja na vile vipepeo vya kupepea moto wa makaa, akawafunga viunoni, mpini juu, upana chini. Hakukuwa na mkia bora kuliko huo hata Hamburg.

Mchezo ulikuwa hivi. Biba wote walikusanya fito na udongo, wakaziba mfereji, maji yakajaa yakawa ziwa la magotini. Mmoja alikuwa zamu. Adui akija, biba wa zamu alipiga mkia majini, pwaa, na wengine wote walizama nyumbani, yaani chini ya jamvi kuukuu. Mahmud wa jirani aliomba kuwa simba.

"Kule hakuna simba," Muhdhar akasema. "Kuna mbwa mwitu."

"Basi mimi mbwa."

Mchezo ukafa hapo hapo, kwa maana mbwa ni najisi, na kila aliyeguswa na Mahmud alikwenda kisimani kujitwahirisha mara saba, moja kwa mchanga, na Alawiya akatangaza kwamba Mahmud asilikaribie jamvi kabisa. Muhdhar aliyekwisha kuizunguka dunia hakuwa amelifikiria hilo. Akambadilisha mbwa kuwa dubu, na biba wakaendelea kuishi.

Jikoni za mtaa ndizo zilizoumia. Mama mmoja alipepea moto kwa kifuniko cha chungu, mwingine kwa ukaya wake wa kichwani. "Kipepeo changu ki wapi?" likaulizwa swali ukuta kwa ukuta, na jibu likawa lile lile: "Ni mkia, mama." Bi Hadia akanunua kipepeo kipya, nacho kikatoweka. Lakini kimoja hakikuibwa. Alawiya alikuja nacho waziwazi, kipya, kimesukwa ukingo mwekundu.

"Hiki mama amekusukia wewe, Ami. Asema mwalimu hana mkia." Kisha, kwa kuwa alikuwa ameagizwa: "Na auliza, huyo biba huoa wangapi?"

Muhdhar akakigeuza kile kipepeo mkononi. "Mwambie mmoja. Mmoja mpaka afe."

"Na asipoozwa?"

"Hilo nalo mama amesema uniulize?"

"La. Hilo langu."

Ukafika wakati wa kuwafundisha habari ya harufu. Biba, akawaambia, ana vifuko viwili chini ya mkia, vimeungana shingo kwa shingo, na harufu yake huipaka kwenye kilima cha tope ili wageni wajue pale pana mwenyewe. Watoto wakashona vifuko vya kitambaa, viwili viwili, Muhdhar akavijaza vipande vya ngozi mbichi ya viatu na chembe za udi, akavinusa tena na tena mpaka akaridhika. "Ndiyo hiyo," akasema. "Hasa ndiyo." Kila mtoto akaenda kwao amening'iniza vifuko chini ya kipepeo, akitia alama nguzo za watu.

Asubuhi moja Bi Hadia alifungua kisanduku kumchanganyia mzazi dawa. Akatoa ile aliyoisifu kuliko zote, tunda la Bombei, lililokauka, jeusi, mawili yameungana shingo. Akaanza kulikwangua ndani ya asali. Alawiya akapita, akasimama, akarudi nyuma. Akanusa. Akashika vifuko vyake, akaviweka kando ya tunda.

"Bibi," akasema, "mbona wewe una vifuko vya biba?"

Bi Hadia akamfukuza. Kisha akavitazama vile viwili. Akanusa kimoja, akanusa cha pili. Akavaa buibui lake bila kumaliza kukwangua, akaenda moja kwa moja dukani kwa Ridhwani muuza dawa.

"Hili ni tunda la mti gani?" akauliza.

Ridhwani akaanza kupanga chupa zilizokwisha kupangwa. "Bi Hadia, miaka yote wauliza bei tu."

"Leo nauliza mti."

"Si mti hasa," Ridhwani akasema. "Ni mnyama. Wa mai, nti za baridi. Marehemu baba aliona jina la tunda laingia moyoni kwa wepesi zaidi."

"Ana mkia?"

"Watu wasema bapa. Kama, kama..." Akatafuta mfano, na macho yakamwangukia kipepeo cha makaa yake. Bi Hadia hakungoja amalize. Aliuliza tu kama ni halali, na Ridhwani akaapa kwamba hajamwona mwalimu yeyote wa dini aliyekataa kumnunulia mkewe.

Jioni hiyo Muhdhar akaitwa. Safari hii pazia lilikuwa limefunguliwa nusu, na kwenye sinia kulikuwa na vile vikavu na vile vya kitambaa. Muhdhar akavinyanyua vikavu, akanusa, na macho yakamlengalenga kama mtu aliyekutana na mwenzake wa safari.

"Ndiye," akasema. "Ndiye mwenyewe. Mama, kesho barazani nitavipitisha mkono kwa mkono, na wale wote..."

"Nusu ya wake wa Amu wamezaa kwa dawa hii," Bi Hadia akamkata. "Wameimeza, wamenyonyesha, wamenishukuru. Wakijua ni kitu cha chini ya mkia wa panya, nani atanifungulia mlango?"

Muhdhar akavirudisha vile vikavu kwenye sinia polepole.

"Wewe ni mkweli," Bi Hadia akasema, na neno lenyewe lilimtoka kama jino. "Mimi nalijua. Radhiya alijua kabla yangu. Lakini kwa baraza, biba atabaki kuwa uwongo wako, na hili hutalitamka maadamu mimi ni hai. Haya, chagua. Ulimi wako au mwanangu."

Mtu mwingine hapo asingekuwa na la kufikiri. Lakini kumwambia Muhdhar anyamaze juu ya ushindi ni kumwambia samaki apande ngazi. Alikohoa. Akafungua kinywa. Nyuma ya pazia kipepeo kikapigwa sakafuni mara moja, taratibu, na sauti ya Radhiya ikasema, "Adui huyo. Zama, Bwana."

Muhdhar akazama. Akauliza harusi ni lini.

Siku ya harusi baraza lote lilikuwapo, wamekula wameshiba, na Badawi, rafiki yake wa utani, akainuka. "Haya bwana harusi, leo umeingia ukumbini kwa watu wa heshima. Tubu basi. Tuambie biba hayuko." Wote wakamgeukia. Muhdhar akafuta midomo, akatabasamu, akasema pilau ya leo imekolea.

"Amekwepa," Badawi akasema. "Basi ni uwongo."

Ndani, upande wa wanawake, Bi Hadia akasikia, akachukua kipepeo, akakipiga ukutani kwa nguvu kama biba wa zamu. Na watoto wote wa Amu waliokuwa wakipita kati ya masinia, vipepeo viunoni, wakajitupa chini ya mikeka ya wageni, wali ukaruka, Badawi akaanguka chali na kikombe chake mkononi. Chini ya mkeka Alawiya akasikika akiwaambia wenzake wasitoke bado, dubu angali amesimama mlangoni.