Suruali ya Bosi Yafika Mahakama Kuu

Nilifukuzwa kazi kwa kucheka. Ndiyo, kucheka tu, na kesi ikafika Mahakama Kuu.

Mimi ni fundi cherehani kwenye kiwanda cha sare. Siku hiyo bosi alitukusanya akitufokea kuhusu mishono dhaifu. Akajishika suruali, kazi ya kiwanda chetu wenyewe.

"Hii haichaniki!" Akachuchumaa kutuonyesha.

Praaa!

Ikafunguka nyuma yote. Ndani, boksa ya njano yenye picha za bata.

Wote tulicheka. Wenzangu wakajikaza mapema, mimi nikakaa chini kabisa, machozi yananitoka. Nikaonyeshwa mlango.

Nyumbani mama mkwe akanikazia macho. Mume wangu hana kazi, ugali wa nyumba nzima unanitegemea mimi.

"Mwanangu, ulishindwa kubana meno?"

"Mama, ungewaona wale bata!"

Nikaenda baraza la migogoro ya kazi. Wakaamua nirudishwe kazini, na bosi aniombe radhi mbele ya wafanyakazi.

Bosi akapandwa na hasira. Hakutaka hata kimoja, akakimbilia Mahakama Kuu.

Nilikosa usingizi, nakwambia. Lakini mahakama ikasema kurudishwa kwangu hakuguswi. Itakayopitiwa ni ile sehemu ya radhi tu.

Nikarudi kwenye cherehani yangu. Bosi naye akapita kifua mbele. "Mmeona? Nimesikilizwa!"

Siku ikafika. Wakili wake akasimama. "Mheshimiwa, radhi hiyo itamdhalilisha mteja wangu."

"Itamdhalilishaje?" Jaji akauliza.

Wakili akakohoa. Bosi akatazama viatu. Ikabidi mimi nieleze, na nilieleza vizuri.

Uamuzi ukatoka: radhi imefutwa. Bosi kashinda!

Ila jaji lazima atoe sababu. Akasoma yote kwa sauti, mbele ya waandishi wa habari: kuchuchumaa, praaa, boksa, bata.

Kabla ya hapo tuliojua ni sisi wa kiwandani na wachache wengine tu. Jioni ile kila mwenye simu alijua. Hata madereva wa malori getini wakawa wanamlilia kibata.

Kesho yake akaniita ofisini. Nikajua kimenuka. Akanisukumia mfuko uliojaa suruali zake bila kuniangalia.

"Shona hizi. Mara mbili mbili."

Nilibana meno, mama mkwe angejivunia.

Jamani, "samahani" ingemchukua dakika moja, mlango wa kiwanda umefungwa. Aibu ndogo usiikatie rufaa.