Mto Usiojazwa na Mvua

Nthenya hawezi kuona kitu kizuri akanyamaza, na hiyo ndiyo shida yake ya kwanza. Anauza rangi na misumari katika duka la hadwea pale River Road, Nairobi, mlango wa pili kutoka kibanda changu cha kuchapisha mabango, na sijawahi kumwona akimuuzia mtu brashi bila kumuuliza anakwenda kupaka nini. Ndivyo alivyokutana na Bi Mwanasiti. Mama huyo alikuwa ametoka Pwani kutafuta rangi ya mbao ya bei nafuu. Nthenya akamuuliza anapaka nini, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshaelezwa habari zote za Kilangoni: hifadhi ndogo mahali mto unapokutana na bahari, yenye mikoko na ndege wa kila aina, pamoja na kituo cha wageni ambacho paa lake lilikuwa likivuja.

Mtu mwingine angeuza rangi, akarudisha chenji, akasahau. Nthenya alifunga safari kwenda kukiona hicho kituo, akarudi na mchanga viatuni, akaanza kutusumbua. Alitusumbua kanisani kwetu Mutuini, akatusumbua kwenye chama chetu cha akiba, akawafuata hata wenye bucha wa Dagoretti ambao shida zao na mikoko sizijui. Tukajikuta tumekuwa kikundi kilichosajiliwa, Marafiki wa Kilangoni, na wengi wetu hatujui kuogelea. Mimi ni mtu wa Bungoma. Bahari niliivuka mara moja tu kwa feri, tena nikiwa nimefumba macho. Lakini mabango ya ndege niliyachapisha bure, maana kumkatalia Nthenya ni kazi kubwa kuliko kumkubalia.

Paa lilipokwisha, akataka watoto.

"Mama Fidel, watoto wa huku wanajua mto ni mahali pa kutupa takataka," aliniambia. "Waende waone mto wenye uhai."

Tukachanga, tukakodi basi, na darasa moja la shule ya pale Mutuini, lile la Mwalimu Wesonga, likapata nafasi. Kavata, mtoto wake wa pekee, alikuwa katika darasa hilo. Nthenya mwenyewe hakwenda, kwa kuwa mwenye duka alimnyima ruhusa. Alikasirika wiki nzima, na rangi aliwauzia watu bila kuwauliza chochote.

Kwenye mkutano wa wazazi, kila mama aliuliza kuhusu maji. Nthenya akasimama. Yeye alizaliwa Kitui, kando ya mto wa mchanga, na mito ya kwao si kama ya kwetu. Karibu mwaka mzima mto ni mchanga mtupu. Watu hushuka katikati yake, wakachimba kisima kwa mikono na sufuria, wakateka maji matamu. Hatari yake ni moja: mvua ikinyesha kule mto unakotoka, maji huteremka ghafla na kuzoa kila kitu. Kwa hiyo mtoto wa Kitui hufundishwa jambo hilo kabla hata ya kuhesabu. Ukifika ukingoni, tazama juu mto unakotoka. Ukiona mawingu, kaa kando. Mbingu zikiwa safi, shuka.

"Mto hauna siri," aliwaambia. "Mwalimu Wesonga akiangalia huko juu kwanza, hakuna shida."

Wazazi wakapiga makofi, nami nikapiga. Mto Nzoia kwetu nao hufurika hivyo hivyo, kwa maji yanayoteremka kutoka mlimani. Ukumbi mzima tulikuwa watu wa bara, na mtu wa bara anajua maji huja kutoka juu.

Simu ya kwanza siku ile ya safari ilikuja nikiwa nimeegemea kaunta yake, nikimwonyesha sampuli za vinaili, ile plastiki ya kuchapishia mabango. Alikuwa Mwalimu Wesonga. Nthenya aliweka sauti ya nje ili nami nisikie habari za safari.

"Mama Kavata, tumefika salama. Lakini Bi Mwanasiti ametoka kidogo, ameenda barabarani kuchukua yale mabango yenu kwa basi. Ametuambia tumngoje hapa kwa kituo. Sasa watoto wamechoka kukaa, na hapa mbele mto umekauka kabisa, ni mchanga tu. Wanataka kushuka."

"Huko juu kuna mawingu?"

"Hakuna hata moja."

"Basi shukeni," Nthenya akasema. Alikuwa anacheka. "Mwambie Kavata awafunze kuchimba kisima. Kila likizo anachimba na susu, nyanya yake, huko Kitui."

Tukarudi kwenye vinaili. Tulibishana kuhusu rangi ya bango la mgahawa fulani, akapima misumari ya fundi mmoja, akaniambia bei yangu ni ya wizi. Moyo wake ulikuwa Kilangoni, ilionekana wazi. Kila mteja aliambiwa watoto wetu wako Pwani.

Simu ya pili ilikuwa ya Bi Mwanasiti, nayo Nthenya akaiweka sauti ya nje. Alisema mabango ameyapata, mazuri kupita kiasi, na sasa anatafuta bodaboda ya kumrudisha.

"Wageni wangu hawajambo?" akauliza. "Nimewaacha peke yao, wanivumilie. Kijiji kizima kiko mazikoni."

"Wako sawa, dada. Wako mtoni wanachimba kisima."

Nthenya alikuwa bado anacheka.

"Mtoni wapi?"

"Hapo mbele ya kituo, kwa mchanga."

"Nani kawaruhusu?" Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nthenya, leo ni bamvua. Maji yalikupwa mbali asubuhi, na sasa yanarudi. Yanarudi na bahari yote nyuma yake."

"Lakini juu hakuna mawingu."

"Mawingu ya nini, mwenzangu? Mto ule haujazwi na mvua. Unajazwa na bahari. Na maji hayatawajia usoni wayaone. Yanapita kwanza kwenye mfereji ulio karibu na ukingo, nyuma yao. Watakuwa wanacheza pakavu, kumbe wameshazungukwa. Wapigie watoke. Mimi niko mbali."

Nthenya alimpigia Mwalimu Wesonga. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Akapiga tena. Hapatikani. Nikapiga kwa simu yangu, kana kwamba simu yangu ina nguvu kuliko yake. Kule chini mchangani, baina ya kingo mbili, mtandao haufiki. Hilo tulikuja kulijua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba Nthenya alikuwa amejiinamia kwenye kaunta, akisema jina la mtoto wake polepole.

"Dereva," nikamwambia. "Dereva hakosi kubaki na gari."

Hatukuwa na namba ya dereva. Basi tulilikodi katika ofisi iliyo upande wa pili wa River Road, na Nthenya akatoka mbio na aproni yake ya kazi, huku duka la watu likibaki wazi. Nilimfuata. Sijui kama umewahi kukimbia River Road mchana. Pale watu hawapishani, wanasukumana, na mwenye mkokoteni hasimami hata kwa askari. Nthenya alipita katikati yao akiwatupa kando kwa viwiko, mama wa kanisa mwenye heshima zake, na matusi aliyotukanwa sitayaandika.

Ofisini tulimkuta msichana anayeitwa Njambi, kucha ndefu, simu mbili mezani.

"Mathe, namba ya dere siwezi peana," akasema. "Ni sheria ya ofisi. Juzi tu mtu alifutwa."

Damu ilinipanda. Nilikuwa nimefungua mdomo nimpe yake, Nthenya akanishika mkono.

"Sitaki namba, msichana wangu," akamwambia. "Mpigie wewe. Uniwekee tu kwa sikio. Watoto wako ndani ya maji."

Njambi alimtazama usoni, akachukua simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na safari hii sauti nzito ya usingizi ikajibu. Njambi akaweka sauti ya nje, akaiweka simu mezani katikati yetu.

Dereva aliitwa Kimanzi. Nthenya alipolisikia jina hilo akamsemesha Kikamba, kisha akarudi kwenye Kiswahili, kwa vile alivyochanganyikiwa.

"Watoto wako mtoni. Watoe. Maji inakuja."

"Maji gani, mama?" Alipiga miayo, namlaumu mpaka leo kwa miayo ile. "Mto umekauka. Na hata nimeangalia huko juu, hakuna wingu. Wewe si ni mtu wa nyumbani? Si unajua."

Nilimwona Nthenya akifumba macho. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamemrudia kwa kinywa cha mtu mwingine, na muda wa kuona haya haukuwapo.

"Achana na mawingu," akasema. "Hii maji inatoka baharini. Kimanzi, piga honi. Piga usiache."

Mtoto wa Nairobi akisikia honi ya gari lake, hahitaji kuelezwa. Anajua gari linaondoka na ataachwa. Honi ililia ndani ya ile ofisi ndogo mpaka watu wa nje wakachungulia. Ikalia, ikalia, kisha ikakoma, na tukasikia mlango wa basi ukifunguliwa.

"Nawaona," Kimanzi akasema. Usingizi wote ulikuwa umemtoka. "Wako mbali, katikati. Wanakimbia. Mama, kuna maji hapa. Wakati nililala haikuwa hapa."

"Kina?"

"Sijui. Inapita kwa nguvu. Ngojeni."

Simu aliiweka mahali bila kuikata. Tukaanza kusikiliza. Njambi alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Kilichosikika ni ndege tu, ndege wengi mno, wakiitana juu ya maji. Ndio wale wale ambao Nthenya alituchangisha kwa ajili yao, ambao nilikesha nikiwapanga kwenye bango kwa rangi zao zote, na siku hiyo niliwachukia kila mmoja. Nilitaka wanyamaze nisikie mtoto. Nthenya hakulia wala hakuomba. Aliinamisha sikio karibu na simu na kushika meza kwa mikono yote miwili.

Halafu kwa mbali tukasikia mtoto akilia, na mwingine, na sauti ya Mwalimu Wesonga ikiita majina. Alikuwa akiita orodha ya darasa kwa moyo, na baada ya kila jina tulisikia jibu, mengine kwa kilio, mengine kwa kukohoa. Jina la Kavata Mutiso huwa karibu na mwanzo. Alilipita.

Nthenya alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena.

Majina yakaendelea. Nilitamani kuingia ndani ya simu nimkamate yule mwalimu. Akafika mwisho, na ndipo akaliita lile alilokuwa akiliogopa, "Kavata?"

"Niko na yeye," sauti ya Kimanzi ikajibu, akihema. "Huyu alikuwa wa mwisho. Alikuwa anasukuma wale wadogo mbele."

Njambi alikaa chini ghafla na kuanza kulia, mtu asiyemjua hata mtoto mmoja katika lile basi. Nikamsamehe kucha zake. Maji yalikuwa yamefika kifuani mwa Kimanzi, alituambia baadaye, na wale wadogo aliwavusha wawili wawili, huku mwalimu amesimama katikati ya mkondo akiwapokea. Bi Mwanasiti alifika wakiwa wote ukingoni, akawavika kanga, shuka, na hata pazia la kituo. Kisha akamchukua Mwalimu Wesonga kando, na nasikia mwalimu yule hajawahi kusemeshwa vile tangu awe mtu mzima.

Lakini hayo ni ya baadaye. Pale ofisini Nthenya alikuwa bado ameinamia meza.

"Nipe mtoto wangu," akamwambia Kimanzi.

"Mama." Meno ya Kavata yalikuwa yanagongana. "Viatu vimeenda."

"Viatu si kitu. Umeumia?"

"Sijaumia. Mama, maji ya kisima ilikuwa na chumvi."

"Kisima gani?"

"Kile tulichimba. Nilionja, ikawa chumvi. Ya susu haina chumvi. Nikamwambia mwalimu hii si mto kama yetu, tutoke."

"Akasemaje?"

"Akasema wewe ndio umesema tushuke. Nikaona basi ni sawa, kama ni wewe umesema. Nikaendelea kuchimba."

Nthenya akateremka mpaka sakafuni, mgongo kwenye dawati, simu ya Njambi imebanwa sikioni. Nje mikokoteni ilikuwa inapita na watu walikuwa wanapigania njia. Mtoto akamwita tena.

"Kavata," akasema. "Siku nyingine ukionja chumvi, utoke. Usiningoje."

"Hata kama umesema?"

"Hata kama nimesema," Nthenya akamjibu, na hapo ndipo alipoanza kulia.