Firigisi ya Alphonse

Alphonse, mtu ambaye kwa maelezo yake mwenyewe hajawahi kukosea, alishuka stoo ya chini ya jengo lao huko Alby, Uswidi, kutafuta matairi, akaiona ngoma. Ngoma ya kanisa, ile ile aliyoitangazia kwaya nzima kwamba mkwewe Yvan ameisahau kwenye treni. Ilikuwa nyuma ya masanduku, imefunikwa koti la Alphonse.

"Ulimuaibisha mbele ya watu, utamuomba radhi mbele ya watu," mkewe Kahindo alimwambia, wala hakumpa nafasi ya kujitetea.

Lakini tangu siku ile ya aibu Yvan alikuwa hakanyagi kwao. Binti yao Victoire alipopigiwa simu alijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake akikasirika: mumewe atakuja Jumapili, ila chakula chao hatakigusa. Alphonse alielewa vizuri sana. Mtu asiyekula kwako hajakusamehe.

Akakimbilia kwa Wamuyu, Mkenya waliyeimba naye kwaya na anayefundisha Kiingereza, amsaidie maneno mazuri. Wamuyu alicheka. "Waingereza wangesema ule pai ya unyenyekevu, Baba Victoire." Akamweleza: zamani kule kwao, bwana akirudi kuwinda alikula mnofu wa kulungu, na watumishi wakapikiwa pai ya maini, moyo na utumbo. Jina la kale la nyama hizo lilikaribiana na neno la unyenyekevu, watu wakafanya mzaha, mzaha ukawa msemo. Leo anayekiri kosa lake hadharani huambiwa amekula pai hiyo.

"Nyama ya ndani wanapatia watumishi?" Alphonse alishangaa kwelikweli. "Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Hata bibi yangu Kahindo haigusi." Kisha akainuka ghafla, akatoka bila kuaga. Wazo lilikuwa limempata, na furaha ikampandisha ngazi za kwao mbilimbili kama kijana.

Jumapili alipika mwenyewe, Kahindo akafukuzwa jikoni. Kwaya aliyoialika ilipoketi, Alphonse aliiweka ngoma katikati ya sebule.

"Hii ngoma haikupotea," alisema. "Ni miye njo niliiweka kule chini, nikasahau, nikamusema mukwe wangu bure. Yvan, nilikukosea."

Halafu akachota firigisi, ambayo tangu aoe hakuna aliyeionja nyumbani mwake isipokuwa yeye, akaiweka kwenye sahani ya Yvan.

Kahindo alijiziba mdomo. Yvan aliitazama ile nyama, akamtazama Victoire, akaitia mdomoni. Firigisi ni ngumu, hilo linajulikana, lakini Alphonse hakuwahi kuona mtu akitafuna taratibu namna ile. Alitamani amtafunie.

Hatimaye Yvan alimeza. "Chumvi imezidi, papa," alisema, akasogeza sahani yake mbele. "Niongezee ugali."